Mama anakunywa Piriton ili alale, na usiku pumzi inakatika. Nifanye nini?

Swali: Mama yangu ana miaka 63. Amepika kwa kuni maisha yake yote, na kwa miaka kadhaa sasa ana kikohozi kisichoisha. Mwaka jana usingizi ulianza kumkimbia, jirani akamwambia anywe Piriton mbili kila usiku. Mwanzoni alilala vizuri. Sasa analala nusunusu, anakoroma sana, na mara nyingine pumzi inakatika, panakuwa kimya, halafu anashtuka kama mtu anayeibuka majini. Asubuhi kinywa kinakauka, kichwa kinamgonga, na makohozi hayatoki. Kaka yangu aliyeko Marekani ametuletea chupa ya vidonge vya usingizi. Anasema kule vinauzwa bila cheti cha daktari, kwa hiyo havina shida. Je, dawa hizi zina uhusiano na kupumua? Na mwanangu wa mwaka mmoja na nusu, naweza kumpa ile Piriton ya maji akiwa na mafua ili alale? (Binti, Korogwe)

Jibu:

Dada, nianze na yale ambayo hayawezi kungoja umalize kusoma. Usiku wa leo mama asinywe vidonge vya kaka, si peke yake wala juu ya Piriton. Mtoto usimpe dawa yoyote ya aina hiyo kwa nia ya kumlaza. Na wiki hii, si mwezi ujao, mama afike hospitali ambako daktari atamsikiliza kifua na kumpima hewa kwa kile kifaa kinachobanwa kidoleni. Mengine nitakayoandika ni kukueleza sababu.

Umeuliza vizuri kuliko wengi wanaofika kwenye kaunta yangu, kwa kuwa umeeleza usiku wenyewe ulivyo. Mimi ni mfamasia, na katika miaka yote hii ombi ninalolisikia ni fupi: "Nipe kitu cha usingizi." Mtu hasemi anaamka saa ngapi, wala ni nini kinachomwamsha. Na sisi tunaouza mara nyingi hatuulizi. Wewe umeniandikia kwamba pumzi inakatika kisha anashtuka. Maneno hayo yamebeba karibu jibu lote.

Piriton ni jina la biashara. Dawa iliyomo inaitwa klofeniramini. Kwetu jina hilo limehamia kwenye kila kidonge kidogo cha njano cha aleji, hata kikiwa cha kiwanda kingine. Dawa za kundi lake, yaani dawa za kuzuia histamini, zilianza kutafutwa Paris katika miaka ya 1930, kwenye Taasisi ya Pasteur, na Daniel Bovet aliyekuwa kwenye kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1957. Walichokuwa wakikitafuta ni tiba ya mzio. Usingizi ulijitokeza wenyewe kama adha, na baadaye ndipo watu wakaigeuza adha kuwa bidhaa. Chupa ya kaka, ikiwa ni ya kawaida kati ya zile zinazouzwa Marekani bila cheti kwa ajili ya kulala, ina difenihidramini au doksilamini. Hizo ni ndugu wa damu wa Piriton. Difenihidramini imekuwa sokoni tangu mwaka 1946, na ndiyo ileile iliyomo kwenye dawa nyingi za kikohozi za maji madukani kwetu. Kwa hiyo kaka hakuleta dawa mpya. Ameleta ya familia ileile yenye jina lingine.

Inalewesha usingizi kwa sababu histamini ina kazi mbili tofauti kabisa. Puani na kwenye ngozi ndiyo inayowasha, inayovimbisha na kutoa mafua. Ndani ya ubongo, kuna kikundi kidogo cha seli kinachoitoa ili uwe macho. Dawa hizi za zamani hupenya ukuta unaoulinda ubongo na kuuzima mlinzi huyo. Zile mpya, kama setirizini na loratadini, hupenya kidogo tu, ndiyo maana mtu anazinywa na kwenda kazini.

Sasa nisikutishe bure. Mtu mzima mwenye mapafu mazima, asiyekoroma, asiyekunywa pombe, akinywa kidonge kimoja cha Piriton kwa sababu ngozi inamwasha, hakatiki pumzi. Atasinzia, kinywa kitakauka, basi. Dawa ni hiyohiyo. Kinachobadilika ni kifua inachokikuta. Kifua cha mama yako kina moshi wa kuni wa miaka hamsini ndani yake.

Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu, hasa wenye uzito mkubwa, wenye shingo nene au koo jembamba, hulegea mpaka njia ya hewa ikabaki ufa, na hewa ikipita kwenye ufa huo ndiyo mkoromo unaousikia. Ukiziba kabisa, mkoromo unanyamaza. Kifua kinaendelea kupanda na kushuka lakini hewa haiingii. Hewa safi inapungua kwenye damu, ile chafu inajaa, na ubongo unapiga kengele: amka! Misuli inakaza, koo linafunguka, mtu anavuta pumzi kwa kishindo. Huo ndio mshtuko wa mama. Asubuhi hakumbuki lolote, ila kichwa kinamgonga na mwili umechoka kama hakulala.

Mshtuko ule unamtisha anayetazama, lakini ndio unaomwokoa aliyelala. Sasa fikiria dawa ambayo kazi yake kubwa ni kumfanya mtu asiamke kirahisi. Mtu mwenye koo linaloziba anahitaji kuamka haraka, na dawa hizi zinaichelewesha kengele. Mkatiko wa sekunde 10 unaweza kurefuka. Akifanya hivyo mara nyingi kwa usiku mmoja, moyo na shinikizo la damu vinalipa gharama. Ndiyo maana nikisikia mtu ana presha isiyoshuka kwa dawa mbili au tatu, na mkewe au mumewe anahama chumba kwa sababu ya mkoromo, simuuzii dawa ya kulala.

Kuna na jambo la makohozi, ambalo wewe mwenyewe umeliona bila kulijua. Dawa hizi za zamani hazizuii histamini peke yake. Huzuia pia asetilikolini, kemikali inayoamrisha mate, machozi, ute wa puani na ule wa kwenye mirija ya hewa. Ndiyo sababu mafua yanakauka mtu akinywa Piriton, na ndiyo sababu mama anaamka na kinywa kama kitambaa. Kwa mwenye mafua mepesi ni nafuu. Kwa mwenye kikohozi cha makohozi, ute unapokauka unakuwa kama gundi. Vinyweleo vidogo vinavyousukuma kutoka ndani ya mirija vinashindwa kuusogeza, na kukohoa kunakuwa kazi bure. Makohozi yanayobaki kifuani yanabana, na yanafuga vijidudu.

Nitaongeza jambo moja hapa, kwa sababu mtu anaweza kukuambia vinginevyo akawa na haki nusu. Zipo dawa za kuvuta kwa kinywa, kama ipratropiamu na tiotropiamu, ambazo nazo huzuia asetilikolini, na hizo hutolewa makusudi kwa watu wenye ugonjwa sugu wa njia za hewa kwa sababu zinafungua mirija. Tofauti ni kwamba zinafika pale pale kwenye mirija, kwa kiasi kidogo, na haziendi kuulaza ubongo. Vilevile Piriton si haramu kwa kila mwenye pumu. Wapo wanaoitumia kwa mzio wa pua na hawapati shida. Lakini haifungui kifua kilichobana. Nimeona watu wakimpa mtu aliyeshikwa na pumu Piriton na kungoja. Wanapoteza muda. Anayehitaji salbutamoli, dawa ya kuvuta inayofungua mirija, apewe salbutamoli, na aliyeumwa na nyuki akaanza kuvimba koo na kukosa hewa anahitaji sindano ya adrenalini hospitali, upesi.

Turudi kwa mama na vidonge vyake viwili. Tupige hesabu kidogo. Kidonge kimoja kina miligramu 4, kwa hiyo kila usiku anaingiza 8. Klofeniramini haitoki mwilini haraka: kwa mtu mzima huchukua kama saa 20 ili nusu yake itoke, na kwa wazee mara nyingi zaidi. Akinywa saa 3 usiku, kesho yake saa 11 jioni bado nusu imo. Saa 3 inapofika tena anaongeza nyingine juu. Ukiifuata hesabu hiyo, baada ya wiki moja mama anapokaa kitandani akiwa na maji na vidonge mkononi, tayari ana miligramu 6 hivi za siku zilizopita, na akishameza anakuwa na 14. Uzito wa kichwa anaoamka nao, kusahausahau na kuyumba akienda chooni, ukiviona usidhani ni uzee tu. Chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kimeziweka dawa hizi za zamani kwenye orodha yao ya dawa ambazo wazee waepushwe nazo, kwa sababu hizo na kwa kufunga choo na kuzuia mkojo.

Na baada ya yote, usingizi wenyewe hauji tena. Umeandika kwamba mwanzoni alilala vizuri, sasa nusunusu. Hilo halikunishangaza hata kidogo. Ubongo unazoea dawa hii upesi mno. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, watu waliopewa difenihidramini mara mbili kwa siku walisinzia siku ya kwanza, na ilipofika siku ya nne hawakuwa na tofauti na waliopewa vidonge vitupu. Siku nne! Kinachobaki baada ya hapo ni ukavu na makohozi magumu, maana hayo hayazoeleki kwa haraka hiyo. Chama cha Marekani cha tiba ya usingizi, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, kilishauri madaktari wasiitumie difenihidramini kutibu kukosa usingizi.

Naomba sasa uichukue ile chupa ya kaka uigeuze nyuma. Najua maandishi ni madogo. Tumia kamera ya simu uyakuze. Kule Marekani vidonge vya difenihidramini vya kulalia huandikwa onyo kwamba mtu mwenye shida ya kupumua, kama mapafu yaliyotanuka au mkamba sugu, amuulize daktari kwanza, sawa na mwenye presha ya macho au tezi dume. Wanaandika visipewe watoto walio chini ya miaka 12. Wanaandika kuepuka pombe. Halafu wanaandika kwamba usingizi ukigoma mfululizo kwa zaidi ya wiki mbili, acha dawa umwone daktari, kwa kuwa kukosa usingizi kunaweza kuwa dalili ya ugonjwa mkubwa. Wiki mbili, dada. Mama ana mwaka. Kuuzwa bila cheti hakumaanishi dawa haina shida. Maana yake ni kwamba mnunuzi ameachiwa jukumu la kulisoma onyo.

Angalia pia kama chupa hiyo ni ya aina iliyochanganywa na dawa ya maumivu. Zipo nyingi za namna hiyo, na humo ndani mna parasetamoli, ambayo Wamarekani huiita asetaminofeni. Mama akinywa hivyo na Panadol zake za magoti, ameizidisha dozi ya parasetamoli bila kujua, na hilo ni balaa la ini.

Niliwahi kufanya kosa ambalo hadi leo likinijia nakaa chini. Miaka ya mwanzo ya kazi, nikiwa kwenye duka dogo la dawa, kulikuwa na mzee mstaarabu aliyekuja kila Jumamosi asubuhi. Shikamoo, marahaba, nipe zile zangu za kulala. Nikimkatia kumi, ananishukuru, anaondoka polepole. Sikumuuliza. Miezi ikapita. Siku moja akaja mjukuu wake badala yake, nikamuuliza babu yuko wapi. Akasema babu siku hizi halali kitandani, analala kwenye kiti, akilala chali anakabwa, na miguu imevimba. Nikaziweka chini zile pakiti. Moyo wa mzee ulikuwa umetanuka na haukuweza kusukuma damu. Akilala bapa, maji yanajaa mapafuni na yanamwamsha. Alikuwa anaamshwa na mapafu yake yanayozama, nami nilikuwa nampa kitu cha kumzuia asiamke. Alipelekwa hospitali, akapata dawa za kutoa maji na za moyo, na mjukuu aliniambia usingizi ulirudi bila kidonge kingine. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa anayetaka dawa ya kulala ni hili: nini kinakuamsha?

Kwa hiyo mimi nataka tulijue hilo kwa mama. Nina mashaka na mambo mawili au matatu kwa pamoja. La kwanza ni koo linaloziba akilala. La pili ni mapafu yenyewe: mwanamke aliyepika kwa kuni miaka yote, mwenye kikohozi cha miaka, anaweza kuwa na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa hata kama hajawahi kushika sigara. Watu wa namna hiyo wengine hushindwa kutoa hewa chafu usiku, inajaa kwenye damu, na dalili yake mojawapo ni kichwa kuuma asubuhi. Mtu akiwa na yote mawili, koo na mapafu, usiku wake ni mgumu mara mbili. Pia pumu isiyotibiwa huamsha watu, hasa kuelekea saa 9 au 10 usiku, muda ambao mirija ya hewa huwa myembamba kuliko saa zote. Na kikohozi kinachopita wiki mbili, katika nchi yetu, lazima kipimwe kifua kikuu, bila aibu na bila kujadiliana.

Kabla hamjaenda, fanya jambo hili. Usiku mmoja kaa naye chumbani akishalala, nusu saa tu, taa ikiwa imefifia. Weka simu irekodi sauti. Mkoromo ukinyamaza, anza kuhesabu sekunde polepole mpaka apumue tena, na uandike kwenye karatasi: sekunde 12, sekunde 20, mara ngapi. Tazama kama tumbo na kifua vinahangaika wakati hakuna sauti. Tazama analala na mito mingapi, na je, akilala ubavu mkoromo unapungua? Asubuhi bonyeza mguu juu ya kifundo kwa kidole gumba. Ukiacha shimo linalobaki, andika. Pima shingo kwa utepe wa fundi cherehani. Ikizidi sentimita 40 ni taarifa muhimu. Karatasi hiyo na ile sauti kwenye simu vitamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Hospitali ya rufaa wana kipimo cha kupuliza kwenye mrija kinachoonyesha njia za hewa zimeziba kiasi gani. Watampiga picha ya kifua, watapima makohozi, watamsikiliza moyo na kumpima presha. Uchunguzi kamili wa usingizi, ule wa kulala na waya mwilini, si kila mahali upo, lakini daktari mwenye rekodi yako na vipimo vya kawaida anaweza kuanza mbali sana bila huo. Ikionekana ni mirija, zipo dawa za kuvuta. Ikiwa ni koo, kuna kulala ubavu, kupunguza uzito kama unahitaji kupungua, na mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa usiku. Na jiko, dada: kama bado anapika kwa kuni ndani ya chumba kisicho na dirisha, hata dawa nzuri zitafanya kazi kwa taabu. Gesi ikishindikana, jiko litoke nje ya nyumba, na mtu mwingine akae mbele ya moshi kwa muda mfupi iwezekanavyo.

Piriton aziache. Hakuna hatari akizikata leo, ila usingizi unaweza kumruka siku chache, naye atasema umeona, nilikuwa nazihitaji. Mama akiwa mgumu, mshushe: kidonge kimoja kwa siku tano au sita, kisha nusu, kisha basi. Mwambie mapema kwamba wiki hiyo itakuwa na usiku mrefu. Chai ya rangi na kahawa ziishie mchana. Asilale mchana kutwa kwa sababu ya uchovu, maana ndipo usiku unapoharibika zaidi. Apate maji ya kutosha mchana ili makohozi yalainike, na akohoe asubuhi akiwa ameketi, ameinama mbele kidogo, bila haraka. Kama anazinywa pia kwa ajili ya kuwashwa au mafua ya vumbi, mwombe daktari ambadilishie iwe setirizini au loratadini.

Nisisahau michanganyiko, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokufa. Piriton peke yake na Piriton juu ya dawa nyingine ya kulevya ubongo ni vitu viwili tofauti. Tramadoli ambayo watu wanameza siku hizi kwa mgongo na magoti, kodeini iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi, diazepamu ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium, dawa za maumivu ya mishipa kama pregabalini, na pombe, hata bia mbili: kila moja ya hizo inaupunguza msukumo wa kupumua au inakufanya uchelewe kuamka. Zikikutana, moja na moja haifanyi mbili, inafanya nne. Dawa za mafua nazo ni mtego, kwani nyingi zina klofeniramini ndani, kwa hiyo mtu anakunywa ya mafua na Piriton juu yake akidhani ni vitu viwili. Kagua dawa zote za mama, na ukisoma kwenye boksi maneno chlorpheniramine, diphenhydramine, promethazine au doxylamine, jua ni familia ileile.

Sasa mtoto. Hapana, usimpe ili alale. Najua hali ilivyo: mtoto ana mafua, anapiga kelele usiku kucha, na wewe asubuhi unakwenda kazini. Najua pia kwamba wasaidizi wa nyumbani hufundishana kijiko cha dawa ya mafua, na wazazi wengine huwaagiza. Njia ya hewa ya mtoto wa umri huo ni nyembamba mno. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kabisa kwenye promethazini, ambayo wengi wanaijua kama Phenergan, kwamba isipewe mtoto wa chini ya miaka 2, baada ya watoto kufa kwa kukatika pumzi. Mwaka 2017 ikakataza kodeini na tramadoli kwa walio chini ya miaka 12. Piriton ya maji ina matumizi yake kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja mwenye mzio, kwa dozi ya daktari au mfamasia inayopimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kijiko cha chai. Kulaza si mojawapo ya matumizi hayo. Na watoto wengine huwa kinyume: badala ya kulala wanachangamka na kuruka mpaka alfajiri.

Mafua ya mtoto yasafishe kwa matone ya maji ya chumvi ya puani yanayouzwa dukani, mnyonyeshe mara nyingi, na usiku mtazame kifua. Mwinulie nguo akiwa ametulia, uhesabu pumzi dakika nzima. Akiwa na umri wa mwaka mmoja mpaka mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni haraka mno, na mbavu zikizama ndani kila akivuta hewa, hapo ni hospitali usiku huohuo. Kwa mama, ishara ni midomo au kucha kugeuka rangi ya kijivu au bluu, kushindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, kuchanganyikiwa, au kutingishwa asiamke vizuri. Ukiona moja kati ya hizo, usingoje asubuhi na usitafute dawa ndani ya nyumba.

Vidonge vya kaka, pakiti za Piriton, chupa za kikohozi na dawa zake za presha kama anazo, viweke vyote kwenye mfuko mmoja uende navyo. Daktari akianza kuandika, usiseme mama hapati usingizi. Mwambie kama ulivyoniambia mimi: anakoroma, pumzi inakatika, halafu anashtuka kama anayeibuka majini. Kisha mpe ile karatasi ya sekunde.